Uainishaji wa Mtembezi wa Peke Yake katika Komine ya Ibanda

Carl Linnaeus wa Uswidi alipopanga wanyama kwa jenasi na spishi katika chapa ya kumi ya kitabu chake, mwaka 1758, binadamu alimpa jenasi moja, kisha akaenda zake kwa popo na nyangumi. Tumsamehe, hakuwahi kusimama Nyawera, hapa Ibanda, saa mbili asubuhi. Angesimama pale angeona kwamba kuna kiumbe ambacho sayansi imekipa kisogo: mtu anayekuja kuutembelea mji wa zamani wa Wazungu kutwa nzima, kwa miguu, bila mwenzake. Insha hii inaziba pengo hilo kwa kadiri ya uwezo wa mwandishi na wa viatu vyake.

Kwanza mazingira. Ibanda ni mojawapo ya komine tatu za Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, pamoja na Kadutu na Bagira. Wabelgiji walianzisha kituo hapa mwaka 1901, na kuanzia 1927 hadi miaka ya 1950 mji ukabeba jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu. Mchoro wao haukuwa na mafumbo. Rasi, ziwa na upepo vilikuwa vya Ibanda, makazi ya Wazungu. Kadutu na Bagira walipewa waliowafanyia kazi. Ndiyo maana Ibanda imejaa majengo ya Art Deco, mtindo uliotamba Ulaya kati ya vita viwili vikuu: pembe zilizoviringishwa, baraza ndefu, na kuta zilizopigwa mistari ya mlalo. Nyumba za ufukweni zinalitazama Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na jirani zinampa mgongo. Mji ulichorwa ili mtu mmoja akae barazani na glasi yake ayatazame maji bila kulazimika kumwamkia yeyote. Nayasema haya bila uchungu, kama maelezo ya ramani. Uchungu kidogo upo.

Nadharia ya kutembea peke yako nayo ilitoka hukohuko Ulaya. Rousseau aliandika kitabu kizima kuhusu matembezi yake ya upweke, kikachapwa mwaka 1782, yeye akiwa ameshakufa. Kwa Ibanda angebakiwa na ukurasa mmoja. Kabla hajafika Feu Rouge angeshaulizwa anatoka wapi, anaenda kwa nani, na kwa nini hajapanda moto, ile pikipiki ya abiria.

Wataalamu walionitangulia, yaani walinzi wa mahoteli na mamotari wa Place de l'Indépendance, humwainisha mtembezi kwa viatu vyake. Kigezo hicho nimekikataa. Mvua ya Bukavu ikishanyesha, viatu vyote huwa vya spishi moja. Kigezo ninachopendekeza ni swali. Upweke wa mtu Ibanda haudumu. Hukatizwa na swali, na kila spishi ina swali lake.

Spishi ya kwanza ni Mtazama-Juu. Utamtambua kwa shingo. Husimama mbele ya Hôtel Résidence, avenue Lumumba, akihesabu ghorofa na kusifu mistari, huku mguu wake mmoja uko katikati ya nyanya za mama aliyezipanga chini kwa mafungu. Mama humtazama mguu, yeye hutazama dari la baraza. Swali lake ni: "Ruhusa iko wapi?" Huulizwa mara tu kamera inapotoka mfukoni, na muulizaji hutokea mahali ambapo sekunde moja kabla hapakuwa na mtu. Sababu ipo. Mto Ruzizi unatoka ziwani papo hapo, daraja lipo, na Rwanda ipo ng'ambo. Katika mji wa mpakani hata tao la mlango laweza kuwa jambo la usalama. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, mwenye kutaka kuichunguza spishi hii inambidi asubiri sana.

Spishi ya pili, na ndiyo iliyonichosha kwa raha, ni Mwenye Picha. Huyu haonekani avenue Lumumba. Yuko La Botte, ile rasi ya umbo la buti, akitembea polepole na kusimama kila geti. Mkononi ana picha ya nyeusi na nyeupe: ngazi tatu, mtoto mwenye kaptula, mbwa, na nyuma yao maji. Mtoto ni baba yake, au ni yeye mwenyewe. Anainua picha, anatazama kilima cha ng'ambo, anaishusha, anasogea hatua mbili kushoto. Miti imemsaliti, vilima havijamsaliti. Swali lake ni: "Unatafuta nani?" Nalo humshinda, maana hatafuti mtu, anatafuta ngazi.

Kinachofuata ni tabia ya wenyeji, lakini uaminifu wa kitaaluma unadai niieleze. Geti hufunguliwa. "Karibu, papa, ikala." Kiti cha plastiki huletwa, kikifuatiwa na Fanta, na baadaye bia ya Primus, mgeni akionekana ni mtu wa kuzungumza naye. Parseli imekatwakatwa: penye bustani pana nyumba tatu, gereji ni ya fundi cherehani, na ngazi ziko palepale, moja imepasuka tangu tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Kisha inakuja sahani ya sambaza wa kukaanga. Mgeni husema kwa hisia kwamba hii ndiyo ladha ya Kivu ya zamani, na hakuna anayemrekebisha. Sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki aliye mdomoni mwake ameingia ziwa hili baada ya mbwa wa kwenye picha.

Spishi hii ina nususpishi moja, Mtoto wa Matonge, mzaliwa wa Bukavu anayeishi Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels. Alishukia Kamembe, upande wa Rwanda, akavuka Ruzizi kwa miguu, na amewaambia wote kwamba safari hii anataka siku moja ya kutembea mwenyewe, kimya, aukumbuke mji. Swali lake huulizwa na mzee yeyote wa Nguba: "Weye uko mutoto wa nani?" Akijibu, kwisha kazi. Kufikia saa sita mchana ana binamu kulia na kushoto, na tanti wa Panzi ameshachinja kuku. Kumweka humu ni ukarimu wa mwandishi.

Spishi ya tatu ni Mwenye Jeep, mfanyakazi wa mashirika ya misaada. Haulizwi kitu, kioo kimepandishwa. Tumwache.

Tufike kwa spishi ya nne, ambayo vitabu vyote vya watalii vimeisahau: Mwenye Dosiye. Ametoka nje ya mji, Idjwi, Shabunda au Mwenga. Chini ya kwapa ana bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, na ndani ya bahasha kuna karatasi inayokosa saini moja. Ofisi siitaji. Saa tatu asubuhi ameambiwa, "Chef hayuko, urudie kesho," na hadi kesho ana kutwa nzima mbele yake katika mji asiokuwa na ndugu. Hivyo anatembea. Anaingia kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, kwa kuwa kivuli cha kanisani hakilipiwi. Anapita Nyawera, alipouawa Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, na hapo anavua kofia bila kuelekezwa na kitabu. Anashuka bandari ya Muhanzi kuuliza nauli ya boti, anazitazama rasi zaidi ya anavyotaka, anapanda tena. Mvua ikimkuta anajua baraza ipi ya mwaka gani inavuja upande upi. Mtazama-Juu anazisifu baraza hizo. Mwenye Dosiye amezikalia.

Mchunguze pia kwa mbadilisha pesa wa barabarani. Anatoa noti ya dola 20, mali yake yote ya siku hiyo. Yule kijana anaiinua dhidi ya jua, anapitisha kidole gumba ukingoni taratibu, kidole kinasimama. Pana mchaniko wa ukubwa wa chawa. Noti inarudishwa bila neno, na kiumbe wetu anaendelea na matembezi yake ya kihistoria kwa njaa.

Swali lake linatoka kwa mama muuza mahindi: "Umekula?" Katika orodha nzima ndilo swali lenye nguvu kuliko yote. Anayeulizwa hivyo atakaa, atahadithia, na mama atakumbuka kwamba shemeji yake anafanya kazi ofisi ileile, mlango wa nyuma. Kanuni yaweza kuandikwa hivi: upweke wa mtembezi ukiisha, dosiye yake huanza kutembea.

Kwa hiyo naamua, na wapinzani wangu waje na hoja zao barazani: mgunduzi halali wa mji wa kihistoria wa Ibanda ni Mwenye Dosiye. Asmara, mji mwingine wa kikoloni wenye usanifu wa aina hii, uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017. Hifadhi ya sokwe ya Kahuzi-Biega, jirani yetu, imo tangu 1980. Majengo ya Bukavu hayamo, na siku yatakapoombewa, ripoti iandikwe na aliyekaa chini yake akisubiri saini.

Kwenu Wenye Picha nina ombi moja la kitaaluma. Mkija, leteni nakala mbili, na moja muiache kwa mwenye nyumba. Yeye ndiye anayelipa fundi wa paa, na hajawahi kuona nyumba yake ikiwa mpya.