Oili ya Bwana Mkubwa

Jirani yangu mmoja hapa mtaani, tumwite Bwana Mkubwa, ana jenereta. Umeme ukikatika sote tunakaa gizani, yeye anavuta kamba na kuwasha hadi taa ya getini, tumwone vizuri tukipita na vibatari vyetu. Hongera zake.

Gari lake halionji oili ya bei ya chini. Jina la oili hiyo hulitaja kama la mtoto wake wa kwanza. Jenereta je? Imenyweshwa ile iliyomwagwa kutoka kwenye bodaboda ya shemeji, nyeusi kama wino wa pweza. "Kimashine kidogo tu hiki," anasema.

Kidogo kweli. Vingi vya saizi hiyo hubeba oili nusu lita na kitu, havina filta, na hupozwa kwa upepo. Uchafu wote unabaki humo humo tumboni. Kitabu chake, ambacho sasa kimewekwa chini ya mguu wa meza, kinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi 6. Kwa joto la Dar, SAE 30 inatosha kabisa.

Juzi jenereta ikazimika katikati ya mpira. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia: kikavu. Akaeleza kwamba kuna swichi inayozima injini oili ikipungua, isije ikajiua.

"Ikate waya," Bwana Mkubwa akaamuru. "Inasumbua."

Imekatwa. Vibatari tunavyo, jirani. Karibu wakati wowote.