Hipokampasi Juu ya Bajeti

Ofisi ya mkuu wa idara ya sayansi ya utambuzi, chuo kikuu kimoja cha California. Saa nne asubuhi inakaribia. Mezani wapo UBONGO wa plastiki, wa kufundishia, unaobanduka vipande vipande, na FAILI la bajeti, limevimba.

UBONGO: Bwana Faili, nirudishie hipokampasi yangu. Saa nne nina kipindi.

FAILI: Hiki kidude kilichojikunja? Kimenikalia tangu muhula uliopita, kinazuia fomu za safari zisipeperuke.

UBONGO: Hicho ndicho kinachotunza kumbukumbu!

FAILI: Kinatunza vizuri. Hakuna fomu iliyopotea.

UBONGO: Leo tunafundisha umakini. Profesa ataonyesha jaribio la Stroop, la mwaka 1935: neno “nyekundu” limeandikwa kwa wino wa kijani, nawe utaje rangi ya wino upesi. Ulimi unagoma! Kisha atawaeleza wanafunzi kwamba akili haifanyi kazi mbili ngumu kwa pamoja. Hurukaruka tu, na kila ikiruka kuna kinachodondoka.

FAILI: Atayasema hayo huku simu iko chini ya meza, anamjibu mkuu wa kitivo.

UBONGO: Si walimpunguzia vipindi ili aongoze idara?

FAILI: Kimoja. Wakampa kamati ya ajira, ya mitaala, ya malalamiko ya alama, na ile ya kuchunguza kwa nini kamati zimekuwa nyingi.

UBONGO: Lakini George Miller aliandika tangu 1956 kwamba mtu hushika vitu saba hivi kwa mara moja, ongeza viwili au punguza viwili.

FAILI: Mimi peke yangu nina vichupo ishirini.

UBONGO: Na idara ya kwanza ya fani hii duniani ilianzishwa San Diego mwaka 1986. Miaka yote hiyo hawajapata dawa?

FAILI: Wameipata. Edwin Hutchins, wa hukohuko, aliwachunguza mabaharia wa jeshi la Marekani wakiongoza meli. Mwaka 1995 akatoa kitabu: kufikiri hakukai kichwani mwa mtu mmoja, kumegawanyika kati ya watu, ramani na vyombo. Sasa mimi si chombo? Na katibu wa idara ndiye ajuaye nani anafundisha nini, chumba kipi, na nani hajaleta alama. Profesa anatia saini.

UBONGO: Kumbe anayefikiri ni katibu!

FAILI: Kwa mshahara wa katibu.

(Profesa anaingia mbio, simu sikioni. Ananyakua Faili, hipokampasi inabingirika mezani, anatoka.)

UBONGO: Jamani! Amekubeba wewe!

FAILI (kwa mbali): Usihofu, nitawafundisha safu ya gharama za kahawa.

UBONGO: Na kikao chake na mkuu wa kitivo? Nacho ni saa nne!

FAILI: Kaa wewe. Wakisema mpunguze matumizi, nyamaza, watajua umekubali. Ila hipokampasi usiirudishe kwanza. Ukianza kukumbuka walichoahidi mwaka jana, kikao hakiishi leo.