Ukuta wa Kuchomoka

Karakana yangu ya useremala hapa Lizaboni ina dari, na dari ina shimo la kupandia. Aliyelikata nadhani alijipima mwenyewe, tena akiwa amefunga. Mimi napita kwa kuvuta pumzi. Ubao wa futi 12 hauvuti pumzi.

Ndiyo maana Juni mwaka juzi nilitoboa ukuta upande wa barabarani, pale juu chini ya paa, nikaweka kipande cha mbao cha kuchomoka. Gari linasogea chini yake, unachomoa, unaingiza mbao, unarudisha. Hakina bawaba wala komeo. Kinakaa kati ya mitaro miwili, wa juu una kina cha sentimita 3, wa chini sentimita 1: unakiinua kikazama juu mpaka chini kiachie, kisha unakivuta kwako.

Kosa langu ni ubahili. Mninga ukishakauka hautishwi na masika, kila seremala wa Ruvuma anajua, lakini bei yake kama mahari. Nikatumia mlingoti, mbao nane zimelala moja juu ya nyingine, zimebana hata wembe haupiti. Jirani yangu fundi alitazama akaguna. Mguno wa fundi mwenzio usiupuuze.

Mbao zangu hazikupata hata siku moja ya kulala huko. "Baba, kumbe huku kukavu hivi!" alisema mama watoto, na Julai yakapanda magunia kumi ya mahindi. Nibishe vipi? Songea Julai kila mtu anauza mahindi. Mwenye akili anangoja Januari.

Januari bei ikapanda kweli. Mnunuzi akaja na lori, mvua inamwagika, vijana wamevua mashati. Nikainua kipande. Kimya. Tukainua watatu. Kimya.

Ubao ukinywa unyevu haurefuki, unanenepa. Milimita 2 kila ubao, mara nane, ni milimita 16, na nafasi niliyoacha ya kuinulia ilikuwa 15. Hesabu hiyo niliifanya pale pale mvuani, mbele ya watu wanaonidai majibu. Dereva akashauri jeki. Tukaweka jeki. Paa likaanza kuinuka, kipande kimetulia. Tukaacha.

Mahindi yakashuka kwa lile shimo la kupandia, debe moja moja. Gunia moja debe sita, magunia kumi debe sitini, na kila debe limepitia kifuani kwangu. Mnunuzi alikaa kwenye lori akila mahindi ya kuchoma, na kila nilipochungulia alikuwa amekumbuka sababu nyingine ya kupunguza bei. Jirani alikuja na mwavuli. Hakuushika juu yangu.

"Ungeacha nafasi ya kidole, fundi," alisema.

Jioni ile nikapanda darini, nikang'oa ubao wa juu, nikaupiga randa kwa hasira. Randa ya hasira haina kipimo. Kipande kikawa kinachomoka kwa kidole kimoja, nikamwita jirani aje aone. Akaguna tena.

Juni mwaka jana, baridi kali, hewa kavu, mbao zikakonda. Usiku mmoja upepo wa Matogoro ukapita, nikasikia kishindo na kelele za kuku. Kipande kilikuwa kimelala juu ya banda lao. Mama watoto alifika kabla yangu, tochi mkononi. Hakummulika kuku wala mimi. Alimulika juu, kwenye lile pengo.

"Afadhali umeshafungua," akasema. "Mahindi yanakuja Jumamosi."