Jinsi ya Kuziba Ufa wa Gia Boksi Bila Kumsikiliza Fundi

Ukiamka ukakuta doa jeusi chini ya pikapu, kana. Waambie majirani ni maji ya kiyoyozi. Kwamba Hilux yako ya miaka ya 1980 haikuja Bariadi na kiyoyozi chochote ni siri yako na kioo cha dereva kisichopanda. Usichovye kidole wala usinuse: oili ya gia ina salfa, hunuka yai viza, na ukishainusa huwezi tena kusema hujui. Ongeza nusu lita, kaza nati, nenda mnadani. Ikipungua, ongeza tena. Kwa mwendo huo utafika salama hadi msimu wa pamba, pale vyama vya ushirika vya wakulima, yaani AMCOS, vinapoanza kununua na gari linahitajika kuliko siku nyingine zote. Hapo ndipo gia ya tatu itakapokataa kuingia.

Sasa mtafute mbaya wako. Bariadi imejaliwa kwa hili, maana tunayo Gamboshi, kijiji ambacho Tanzania nzima imekitwisha uchawi. Wazee wa kule wamebebeshwa ajali, ndoa zilizovunjika na mitihani iliyofeliwa. Ufa mmoja wa alumini hautawaelemea. Ukiona haya kuwasingizia, yupo dereva. Ni yeye aliyeshuka korongo la Itilima kwa kasi, ingawa ni wewe uliyepakia choroko, tena kwa rumbesa, kisha ukapandisha na shemeji zako juu ya magunia.

Lolote utakalofanya, usilale chini ya gari ukatazama raba inayobeba mkia wa gia boksi. Raba ya asili ilishakufa zamani. Iliyopo imechongwa kutoka tairi kuukuu na fundi wa katambuga, na ina ugumu unaofaa kukanyagia miiba. Haimezi mtikisiko hata kidogo. Wote unakwenda kwenye ganda la gia boksi, na ganda hilo ni alumini ya kumimina, ambayo haijui kupinda. Usiishike propela pia. Ukiitikisa kwa mkono ikajibu "ko, ko" kwenye viungo vyake, utakuwa umempata mchawi na utabaki huna wa kumlaumu.

Wapo wanaoamini ufa hujifunga wenyewe. Nawaelewa. Udongo mweusi wa mbuga za Meatu hupasuka kila kiangazi, na masika yakija unajifunga bila kulipa fundi. Gia boksi haina masika.

Basi jaribu sabuni ya mche. Sabuni ina sifa yake halali: ukiisugua kwenye tangi la petroli linalovuja, hukamata, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni, na umesaidiwa hadi ufike mjini. Kwenye gia boksi mambo ni mengine. Ganda likipata moto wa safari, sabuni inalainika, oili inaisukuma, na kitu pekee utakachopata ni ganda safi kuliko sehemu nyingine zote za gari. Baada ya sabuni huja gundi ya chuma, ile ya tyubu mbili unazochanganya kwenye kipande cha boksi. Hii si ya kudharauliwa. Ufa mdogo unaotoa jasho tu, ulio mbali na bolti, ukikwanguliwa hadi alumini ing'ae na kuoshwa mafuta yote, gundi hukaa miaka. Wewe lakini utaipaka juu ya oili, kwa kidole, jua likizama, kwenye sikio la bolti linalobeba uzito wote. Safi sana.

Ikishindikana, mwite fundi, na umtake achomelee gari likiwa limesimama palepale chini ya mwarobaini, bila kufungua kitu, kwa mashine ile ile anayochomelea mageti. Ukibahatika atakubali. Umeme wa mashine utapita kwenye beringi ukizitoboa vidoto, sili zitaiva, na oili iliyomo ndani itafuka moshi hadi mama lishe wa jirani ahamishe sufuria. Bahati mbaya, mafundi wengine ni wabishi.

"Bosi, hii imepasuka kwa nini?"

"Fundi, nimekuita uzibe. Ningetaka upelelezi ningeita trafiki."

"Sawa, mzee wangu. Ila nikiziba bila kujua chanzo, tutaonana tena kabla dengu hazijavunwa."

Huyu ni mtu wa kumwepuka. Atamwaga oili yote, atashusha propela, atateremsha gia boksi kwa jeki na kuifungua yote. Atachukua boksi tupu la biskuti, achore juu yake umbo la ganda, kisha kila bolti anayoitoa aichomeke mahali pake kwenye mchoro, fupi kwa fupi, ndefu kwa ndefu. Utamwona anachezea maboksi. Mwenzake anayezirusha zote kwenye karai moja humaliza mapema zaidi, na bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi utapata ufa wa pili bila malipo ya ziada.

Halafu ataomba chaki. Usishangae, Maswa wanatengeneza chaki, na si zote lazima ziishie shuleni. Atapaka mafuta ya taa kwenye ganda lililooshwa, asubiri yazame, afute pakauke, kisha anyunyize unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari wa unyevu, na hapo ndipo utakapoona kwamba ufa ulioukadiria kuwa wa kidole unazunguka hadi upande wa pili. Mstari ukipita kwenye kiti cha beringi, fundi atatikisa kichwa na kukwambia ganda hilo ni la skrepa, tafuta jingine la mtumba Mwanza. Mwambie anataka kula hela yako. Usitaje kwamba kiti kikipinda unene wa karatasi tu, shafti mbili hazitaelekeana na gia zitalia.

Kama kiti kimepona, atatoboa kitundu cha kama milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, kisha auchimbe kwa grenda uwe mfereji. Alumini haichomelewi kwa kiburi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa kutu yake nyeupe unataka zaidi ya 2,000, na tena haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka: dakika hii ni ganda, dakika ijayo ni dimbwi. Ndiyo maana anaing'arisha kwa brashi ya waya isiyowahi kugusa chuma, analipasha ganda taratibu juu ya mkaa hadi tone la maji liruke badala ya kutulia, kisha anachomelea kwa gesi ya agoni, vipande vifupi vifupi, huku upande wa pili ukiwa umefungwa kwa bolti ili lisipinde. Mwisho analifukia kwenye majivu lipoe polepole. Wewe ungemwagia ndoo ya maji, na ungesikia "tah!" safi kabisa.

Atakaporudisha kila kitu, atakataa kufunga ile raba ya katambuga. Atadai mpya, pamoja na viungo vya propela. Hapa bishana kwa nguvu zako zote, kwa kuwa spea hizo ni nafuu kuliko ganda, na mtu mwenye heshima zake hatoi hela kwa kitu kisichoonekana.

Oili inajazwa kwa tundu la ubavuni, gari likiwa limesimama sawasawa, hadi ianze kuchuruzika yenyewe. Endesha mpaka Ngulyati na kurudi, tandika boksi kavu chini, ulale. Asubuhi ukikuta doa, angalia linatoka wapi kabla ya kupiga simu. Likiwa kwenye weldi, mgombane na fundi. Likiwa nyuma, linapoingilia propela, hiyo ni sili uliyosema bado ni nzima ili usiongezewe gharama.