Kesi ya Mkia Mwekundu

Kiserian kifaranga akipotea, hukumu hutoka kabla ya ushahidi: mwewe! Kila chenye mdomo wa ndoano kikipita juu kuelekea vilima vya Ngong, mama mwenye kuku huokota jiwe.

Wenye darubini wana subira zaidi. Mwewe, wanasema, ana mdomo wa njano na mkia wa panda anaoupindapinda akiruka. Yule mnene mwenye mkia mfupi mwekundu ni Buteo augur, mla fuko na panya. Mkulima angempa chai.

Basi anatua kinda lake, mkia kahawia. Mwingine tumbo jeusi tii. Oktoba wanaingia ndege wageni kutoka Urusi, na ubishi unahamia kwenye meza ya nyama choma. Mwewe, asiye na darubini, anatambua mbavu mara moja.