Zorro Amekunywa Maziwa

Kitabu kilitumwa na shangazi aliyehamia Marekani. Kilifika Bujumbura, kikavuka mpaka hadi Uvira, kisha kikapandishwa mlima mpaka kwetu Bijombo mgongoni mwa mtu, ndani ya gunia la chumvi na sabuni. Kiingereza chake hakuna aliyekiweza. Picha zilitosha.

Kinaitwa Masks. Kampuni ya Dynamite ilianza kukichapisha mwaka 2012. Mwandishi ni Chris Roberson, na toleo la kwanza lilichorwa na Alex Ross. Mambo yanatokea New York ya mwaka 1938. Waovu wametwaa madaraka, sheria yenyewe imegeuka jambazi, na mashujaa waliozoea kujificha nyuso, kila mmoja na mtaa wake, wanalazimika kukaa baraza moja. Yupo Shadow mwenye kofia pana na kitambaa chekundu kinachomfika puani, yupo Green Hornet na dereva wake Kato, Spider, Miss Fury, na Zorro. Kwa watu wa milima yetu, habari ya wenye silaha kujitwalia amri haikuhitaji mfasiri.

Babu alitaka kujua jambo moja tu: kati yao nani mkubwa?

Kaka yangu akamwuliza shangazi kwa simu, siku mtandao ulipopatikana kilimani. Jibu lilikuja: Zorro alibuniwa na Johnston McCulley mwaka 1919, Shadow alianza kusikika redioni mwaka 1930, na Green Hornet mwaka 1936. Babu akagawa nafasi palepale. Zorro apewe kiti. Shadow akae karibu na moto. Hornet na Kato wakae mkekani na watoto.

“Babu, Kato ni Bruce Lee!” kaka akalalamika. Ni kweli, Bruce Lee ndiye aliyemwigiza Kato katika televisheni mwaka 1966, na huku kwetu Bruce Lee haketi mkekani. Babu hakutikisika. Alipoambiwa kwamba Zorro wa kitabuni si yule wa kwanza, ni mtu wa uzao wake, alisema kiti ni cha ukoo, mjukuu akikalie.

Kilichomwudhi hasa ni habari ya Lone Ranger, shujaa mwingine wa kufunika uso, asiyemo kitabuni. Tangu zamani za redio ilisimuliwa kwamba Hornet ni mjukuu wa kaka yake Ranger. Sasa mjukuu kaitwa barazani, mzee hakupelekewa hata salamu! Dynamite waliwakutanisha wawili hao katika kitabu kingine mwaka 2016, lakini Babu alishatoa hukumu: hao si watu wa kualikwa harusini.

Tukiwa katika mashauri hayo, wadogo zangu walikuwa na mkasi. Kitambaa cheusi cha Mama, cha kuvaa kanisani, kikatoka nyuso kadhaa za kujifunga machoni. Koti refu la Babu la kuzuia baridi, pamoja na kofia yake ya sufu, vikamfanya Shadow bila kuongezewa chochote. Hata fimbo alikuwa nayo. Alifurahi, ingawa alikana.

Mama aliporudi kutoka shamba la viazi, kibuyu cha maziwa ya mgando kilikuwa kitupu.

“Nani alikunywa maziwa?”

“Haiko miye, Mama. Ni Zorro.”

“Haiko miye. Ni Hornet.”

Hiyo ndiyo hila ya kufunika uso: kosa linabaki, mkosaji anapotea. Huko New York polisi walihangaika nayo miaka mingi. Mama hakuhangaika. Aliwapanga mstari, akainama kutazama chini.

“Zorro iko na miguu ya mutoto wangu,” akasema. “Na Hornet iko na kidonda nilichofunga miye asubuhi.”

Wakavuliwa mmoja mmoja. Babu alijaribu kuwatetea kwa sauti ya mzee wa baraza, mpaka Mama alipomwonyesha, kwa heshima zote, maziwa yaliyokauka kwenye masharubu yake.

Tangu hapo kitabu kinakaa juu ya kabati, na Mama huenda kanisani kwa kitambaa cha kuazima. Nawe mwenye jamaa ng’ambo, mwambie hivi: akituma mashujaa, atume na kitambaa cheusi, mita mbili.