Sifa za Kabureta, Karimu wa Kyela

Katika vifaa vyote vinavyosafiri kati ya Kasumulu na Matema, kwenye uwanda wa mpunga na kakao ulioko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hakuna kinachotukanwa mara nyingi na kusifiwa kwa nadra kama kabureta, yaani kile chombo cha madini laini kinachokaa juu ya injini ya petroli ya kizamani na kuchanganya mafuta na hewa kabla plagi haijayawasha ndani ya silinda. Washairi wa pwani waliusifu uta wa Liyongo, Lucian wa Samosata alimsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam akaupa Ujinga kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1511. Kabureta, ambayo imepandisha mlimani magunia ya mchele yasiyohesabika, haijapata hata ubeti mmoja. Upungufu huo unastahili kujazwa sasa, wakati wenye pikapu kuukuu wanashawishiwa kuing'oa na kufunga EFI, mfumo ambao mafuta hupulizwa kwa nozeli za umeme chini ya usimamizi wa kompyuta ndogo ambayo mafundi wa Tanzania huiita kontroli boksi.

Sifa ya kwanza ya kabureta, na ambayo nyingine zote hutokana nayo, ni ukarimu. Pistoni zinaposhuka huvuta hewa, na hewa hiyo hulazimika kupita katika koo jembamba. Ikipita hapo huongeza mwendo na kupungukiwa na msukumo, kama alivyoeleza mwanafizikia wa Italia Giovanni Battista Venturi mwaka 1797, na upungufu huo hunyonya petroli kutoka katika chemba ndogo iliyo pembeni, kupitia kitundu chembamba kiitwacho jeti. Ndani ya chemba huelea boya, ambalo likishuka hufungua sindano ya kuingizia mafuta na likipanda huifunga. Kwa ufupi, kabureta hutoa kwa kila anayevuta, haiulizi injini ni ya moto au ya baridi, wala gari limebeba kakao au abiria, wala petroli yenyewe ilinunuliwa kwa fedha ya nani. Petroli ikitakiwa iungue kikamilifu, kila gramu moja yake huhitaji hewa gramu 14.7, kabureta hukisia kipimo hicho, na inapokosea, ambako ni mara nyingi, hupenda kukosea kwa kuzidisha, kama mama mkwe anayepakua wali. Land Rover ya 109 yenye injini ya lita 2.25, gari ambalo wazee wa mkoa wa Mbeya hulitaja kwa heshima ya marehemu hata kama bado linatembea, huhesabiwa kuwa limejitahidi likimaliza kilometa 6 kwa lita moja, na sehemu ya lita hiyo huwa imetolewa sadaka kwa barabara kupitia ekzosi.

Sifa ya pili ni elimu ya jiografia, kwa kuwa hakuna mwalimu anayefundisha mwinuko wa nchi kwa uthabiti kama kabureta iliyorekebishwa Kyela. Mji huo uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko chini kidogo ya hapo. Barabara ya kwenda Mbeya hupanda kupitia Tukuyu hadi mahali panapozidi mita 2,000, kati ya Mlima Rungwe na safu ya Uporoto, ndipo ikashuka Uyole. Katika mwinuko huo hewa huwa imepungua uzito kwa takriban asilimia 14, lakini jeti haijapata habari, nayo huendelea kutoa kana kwamba bado iko kwenye majaruba ya mpunga, hata mchanganyiko ukazidi mafuta kwa asilimia 7 au 8. Injini hulewa, moshi mweusi hutoka, gari huanza kumisi, yaani kurukaruka kwa kukosa miripuko mfululizo, na abiria ambao hawakuwahi kufungua ramani hujua kwa pua zao kwamba wamefika nchi ya juu. Gari la EFI huwanyima elimu hiyo, kwa sababu sensa yake ya msukumo wa hewa huitambua milima kabla yao na kupunguza mafuta kimyakimya, nao hufika Mbeya wakiwa wajinga kama walivyoondoka.

Lakini ni katika uchumi wa gereji ambako ukarimu huu huonekana kwa ukamilifu. Kabureta ya Zenith iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za miaka ya 1970 ilipewa na watengenezaji wake mwili wa aloi laini unaopinda ukizidiwa na joto au ukikazwa kwa nguvu, na ndani yake pete ndogo ya mpira ambayo ikichakaa tu huruhusu mafuta yasiyoombwa kuingia. Pete hiyo, ambayo haizidi ukubwa wa kifungo cha shati, imesomesha watoto. Fundi huifungua kabureta chini ya mwembe, huzipanga skrubu zake juu ya kipande cha boksi, huzipuliza jeti kwa mdomo huku akiziangalia dhidi ya jua, kisha hurudisha kila kitu na kugeuza skrubu ya silensa, jina ambalo gereji zimeupa mwendo wa injini gari likiwa limesimama, hadi mngurumo umridhishe yeye na watazamaji wote. Kazi hii haihitaji cheti wala umeme, huhitaji bisibisi na sikio. Na kwa kuwa kila mwanamume aliye karibu huamini kwamba sikio analo, kazi ya mmoja huwa baraza la wanane. Siku za joto la Oktoba na Novemba, petroli inapochemka ndani ya chemba na mvuke wake kuzuia mafuta yasifike, baraza hilohilo hukutana njiani, pengine karibu na Ipinda, ambako tiba ni kitambaa kilicholoweshwa maji na subira ya kutosha kujua habari za misiba na harusi za kata nzima.

Wabaya wa kabureta hudai kwamba huchagua mafuta. Huo ni uzushi, kwani hupokea hata petroli ya chupa inayouzwa vijijini, pamoja na maji na mchanga ulioandamana nayo, na huvihifadhi vyote kwa uaminifu chini ya chemba hadi siku ya mlima. Hupokea pia mafuta ya ugenini. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi ilianza mwaka 1982 kuchanganya petroli na ethanoli, pombe inayotengenezwa kwa mabaki ya sukari ya miwa. Na kwa kuwa ethanoli ina oksijeni ndani yake, mchanganyiko huo huhitaji hewa pungufu, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa petroli tupu hujikuta imebana mafuta badala ya kuyazidisha. Hapa panatokea jambo la kupendeza ambalo wahandisi hawakulikusudia: anayejaza tangi Karonga, akavuka mpaka na kupanda Mbeya, huwa na kosa moja linalopunguza mafuta na kosa jingine linaloyaongeza, na makosa hayo hukutana mahali fulani juu ya Tukuyu na kufutana kwa sehemu, gari likanguruma vizuri kwa kilometa chache kama lililotoka kiwandani. Furaha ya namna hiyo haiwezi kununuliwa pamoja na kontroli boksi.

Ni haki, basi, kumtazama mshindani. EFI ni bahili kwa maumbile. Nozeli yake hufunguka kwa milisekunde chache tu na kufungwa, kwa hesabu inayofanywa upya muda wote kutokana na taarifa za sensa za joto la maji, za msukumo wa hewa, za pembe ya kipepeo cha kuingizia hewa, na ya ile iliyotiwa ndani ya ekzosi, ambayo hunusa oksijeni iliyobaki na kuchongea kila tone lililopotea. Wakati fulani kabureta ilikuwa na mlinzi dhidi ya mchongezi huyo, nayo ni risasi iliyotiwa katika petroli, ambayo huiua sensa ya oksijeni. Lakini mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha petroli ya risasi, na mlinzi akaondoka. Bahili huyu huwaka asubuhi bila choki na hupanda mlima bila moshi. Tena hula mafuta kidogo, jambo ambalo hata msifu wa kabureta hana budi kulikiri, ingawa kwa sauti ya chini. Ila betri ikiishiwa nguvu hanyanyuki, kwa sababu pampu na kompyuta yake haviamki bila volti za kutosha, hali kabureta yenye pampu inayosukumwa na injini huweza kuwashwa kwa vijana wanne na mteremko, maadamu betri imebakiwa na chembe ya kutoa cheche. Vilevile, waya mmoja ukiingia kutu katika mvua za masika, ambazo Kyela huzipata kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania, bahili hunyamaza kabisa bila kukohoa, na hakuna baraza linaloweza kujadiliana na kisanduku.

Wanaoazimia kubadilisha hufanya hivyo kwa njia mbili. Wengi huitoa injini nzima na kuweka ya mtumba kutoka Japani iliyokuja na nozeli zake, jambo ambalo ni talaka ya kawaida. Wachache huibakiza injini ya zamani, wakaifungua kabureta peke yake na kufunga mahali pake, juu ya manifoldi ileile, koo jipya lenye nozeli ndani, pampu ya umeme, bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi na fungu la waya. Na hao, kwa busara, huifunga kabureta kwenye kitambaa na kuiweka chini ya kiti. Siku kisanduku kitakapogoma mbali na mji, kabureta itakubali kurudi bila kinyongo, kwa boliti zilezile na gasketi mpya. Aliyeirudisha anapaswa tu kukumbuka kuikata kwanza pampu ya umeme na kuunganisha ile ya zamani, kwa kuwa sindano ya boya ilizoea msukumo usiofika hata nusu baa, na pampu ya EFI huweza kutoa baa 3 au zaidi. Karimu huyu, ambaye hajajifunza kukataa kitu, atapokea mafuta yote anayopewa na kuyagawa juu ya manifoldi ya moto.